Waafrika wa Virginia mwaka 1619: walikuwa watumwa au watumishi wa mkataba?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Kitabu kimoja ninachofundishia kinasema Waafrika wa kwanza waliofika Virginia mwaka 1619 walikuwa watumwa. Kingine kinasema walikuwa watumishi wa mkataba kama Waingereza maskini, na kwamba utumwa ulikuja baadaye kwa sheria. Wanafunzi wananibana niwaambie kipi ni sahihi. Je, ni sheria ipi iliyoanzisha utumwa huko, na kwa nini Waingereza maskini hawakufanywa watumwa nao?

Jibu: Mwalimu, kila kimoja cha vitabu vyako kimeshika upande mmoja wa jambo. Watu wale waliuzwa na kununuliwa wakiwa mateka, hawakuwa na mkataba wowote, na kwa hiyo kuwaita watumishi wa mkataba ni kuwapa hati ambayo hakuna aliyewahi kuwaandikia. Hata hivyo, ni kweli pia kwamba siku waliposhushwa pwani hapakuwapo sheria hata moja ya Virginia iliyoeleza mtumwa ni nani, anatumika kwa muda gani, na mtoto wake anahesabiwa kuwa nani. Ukimya huo wa sheria ulidumu zaidi ya miaka 40, na ndani yake baadhi ya Waafrika walipata uhuru, ardhi, ng'ombe na nafasi ya kusimama mahakamani. Sheria za utumwa zilizofuata hazikushuka zote kwa siku moja. Ukizisoma kwa mfuatano wa miaka utaona kwamba nyingi zilitungwa kuziba mlango ambao Mwafrika fulani, tena anayejulikana kwa jina, alikuwa amekwisha kuupita.

Kwanza tuangalie Virginia yenyewe ilikuwa nini. Ilianza kama biashara ya hisa. Mfalme James wa Kwanza alitoa hati mwezi Aprili 1606, na wenye mitaji wa Kampuni ya Virginia mjini London wakatuma meli tatu wakitarajia dhahabu na njia ya kufika Asia. Mwezi Mei 1607 watu 104, wanaume na wavulana, walijenga ngome ya Jamestown kando ya mto, katika nchi iliyotawaliwa na Wapowhatan, ambao walikuwa wakilima mahindi huko tangu zamani na hawakumwalika mtu. Dhahabu haikupatikana. Katika majira ya baridi ya mwaka 1609 kuingia 1610, njaa, maradhi na kuzingirwa viliwamaliza walowezi hata wakabaki hai kama 60 tu mle ngomeni. Kilichouokoa mradi ni tumbaku. John Rolfe alianza kujaribu mbegu za kutoka Karibi mwaka 1612, na katika muda wa miaka michache jani hilo likawa ndilo zao, ndiyo fedha, na ndicho kipimo cha kila deni katika koloni.

Tumbaku hula ardhi na hula mikono ya watu. Ardhi walowezi waliichukua kwa wenyewe, na mikono waliagiza Uingereza. Mwaka 1618 Kampuni iliweka utaratibu ambao ndio ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata: kila aliyelipa nauli ya mtu mmoja kumleta Virginia alistahili ekari 50. Aliyepewa ardhi alikuwa mlipaji, si msafiri. Hivyo tajiri aliyeleta vijana kumi alipata wafanyakazi kumi na ekari 500 kwa mkupuo mmoja, na yule kijana aliyevuka bahari kwa nauli ya mwenzake alitumika kwa miaka minne hadi saba, au zaidi kama alikuwa mtoto. Katika karne ile ya 17, takriban robo tatu ya Wazungu waliohamia eneo la Ghuba ya Chesapeake walifika kwa njia hiyo. Maisha yao yalikuwa magumu kweli. Walichapwa viboko, hawakuruhusiwa kuoa bila idhini ya bwana, na mkataba wao uliweza kuuzwa kwa mtu mwingine kama mali nyingine yoyote. Yupo mtumishi Mwingereza aliyeandika barua mwaka 1623 akilalamika kwamba bwana wake amemuuza kama mtumwa. Wengi walikufa kabla muda wao haujaisha. Lakini muda wenyewe ulikuwepo, umeandikwa, na mahakama iliutambua.

Hiyo ndiyo Virginia iliyopokea meli ya White Lion mwishoni mwa Agosti 1619. Ilikuwa meli ya Waingereza iliyofanya uporaji baharini kwa kibali cha Waholanzi, na ilitia nanga Point Comfort, mahali ambapo leo ni mji wa Hampton. John Rolfe, yule yule wa tumbaku, alimwandikia Sir Edwin Sandys wa Kampuni kwamba meli hiyo haikuleta kitu ila Waafrika ishirini na kidogo, ambao gavana na mkuu wa biashara wa koloni waliwanunua kwa chakula. Siku chache baadaye ikafika meli ya pili, Treasurer, mwenzake wa White Lion katika uporaji ule.

Watu hao walitoka wapi? Hawakutoka pwani yetu ya mashariki. Walitoka Angola, wengi wao yaelekea katika ufalme wa Ndongo, ambao watu wake walisema Kimbundu, lugha ya Kibantu. Katika miaka ya 1618 na 1619 gavana Mreno wa Luanda, Luis Mendes de Vasconcelos, akishirikiana na wapiganaji wa Imbangala, aliivamia Ndongo na kuteka maelfu ya watu. Mateka wapatao 350 walipakiwa katika meli ya Kireno iliyoitwa São João Bautista kwenda Veracruz, Mexico, kuuzwa. Meli mbili za Kiingereza ziliivamia katika Ghuba ya Mexico na kunyang'anya watu takriban 60. Kwa hiyo kabla hawajaiona Virginia, watu hawa walikuwa wametekwa vitani, wamesafirishwa chini ya sheria za Wareno na Wahispania zilizowahesabu kuwa watumwa, na kisha wameibwa na mwizi wa pili. Majina kama Antonio na Isabella unayoyakuta katika orodha za Virginia ni alama ya njia hiyo. Ni majina ya ubatizo wa Kikatoliki. Ningeongeza hapa, kwa sababu wanafunzi hulikosea, kwamba 1619 ni mwaka wa kwanza kwa makoloni ya Waingereza katika bara la Amerika Kaskazini tu. Wahispania walikuwa na watumwa Waafrika Florida zaidi ya nusu karne kabla, na Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kuwaleta Waafrika katika kisiwa cha Bermuda mwaka 1616.

Sasa tufike kwenye ushahidi ambao wanahistoria wamebishania kwa muda mrefu. Orodha ya watu wa koloni ya mwaka 1625 inataja Waafrika 23. Yumo mwanamke anayeitwa Angela, aliyeletwa na meli ya Treasurer, akiishi katika nyumba ya Kapteni William Peirce huko Jamestown. Wamo Anthony na Isabella katika nyumba ya Kapteni William Tucker, pamoja na mtoto wao William, aliyebatizwa. Orodha haiwaiti watumwa, na hapo ndipo wale waliotetea wazo la utumishi wa mkataba walipopata nguvu. Hoja hiyo naiona dhaifu. Neno lile lile lililotumika kwa mtumishi lilitumika kwa kila mtu wa chini, na orodha ile ile, inapofika kwa Waingereza, mara nyingi hutaja umri, meli na mwaka wa kufika, mambo ambayo ndiyo yaliyohitajika kujua mkataba unaisha lini. Inapofika kwa Waafrika, wengi hawana hata jina. Asiye na mwaka wa kufika hana mwaka wa kumaliza.

Ushahidi wa bei ni mzito zaidi kuliko wa majina. Mwaka 1643 mali ya marehemu William Burdett ilipothaminiwa, watumishi wake wanane waliandikwa kila mmoja na muda uliobaki kutumika, na thamani zao zilikuwa kati ya pauni 400 na 1,100 za tumbaku. Katika orodha hiyo hiyo Mwafrika mmoja, aliyeelezwa kuwa mzee sana, aliwekewa pauni 3,000, na msichana Mwafrika wa miaka minane akawekewa 2,000. Na mbele ya majina yao hapakuandikwa muda wowote. Mthamini hakuhitaji sheria kumfundisha. Alijua kwamba soko linamuuza yule msichana kwa maisha yake yote, na pengine pamoja na watoto atakaowazaa.

Mahakama nayo ilikuwa imeanza kusema hivyo waziwazi. Mwaka 1640 watumishi watatu wa Hugh Gwyn walitoroka wakakamatwa Maryland: Victor, Mholanzi, James Gregory, Mskoti, na John Punch, Mwafrika. Kosa lao lilikuwa moja, na wote walichapwa viboko 30. Baada ya hapo hukumu zikatengana. Wazungu wawili waliongezewa mwaka mmoja kwa bwana wao na miaka mitatu ya kulitumikia koloni. John Punch aliamriwa kumtumikia bwana wake kwa muda wote wa uhai wake, huko au kwingineko. Hukumu hiyo husomwa kwa namna mbili. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo inayomfanya mtumwa mtu aliyekuwa na muda wa kumaliza, maana isingekuwa adhabu kama tayari alikuwa wa maisha. Nakubaliana nao kuhusu Punch mwenyewe. Lakini haifuati kwamba Waafrika wote wa wakati huo walikuwa na muda kama yeye. Na miaka mitatu baadaye baraza la Virginia, yaani bunge la koloni, liliwaingiza wanawake wa Kiafrika katika kodi ya kichwa iliyotozwa kwa wafanyakazi wa shambani, ilhali wanawake wa Kiingereza hawakuhesabiwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa uzito wa kodi ya kichwa.

Hata hivyo ukimya wa sheria uliwaachia watu nafasi, na waliitumia kwa werevu. Mwaka 1641 John Graweere, mtumishi wa William Evans, ambaye bwana wake alimruhusu kufuga nguruwe kwa makubaliano ya kugawana mazao, alimnunua mtoto wake kutoka kwa bwana wa mama wa mtoto huyo, na mahakama ikathibitisha kwamba mtoto yule ni huru, kwa sababu mojawapo kwamba atalelewa Kikristo. Katika kaunti ya Northampton, upande wa mashariki wa ghuba, Emanuel Driggus alihakikisha kwamba mabinti wawili aliowalea wanaandikiwa hati yenye kikomo cha utumishi, na mmoja wao akamkomboa kwa malipo kabla ya muda. Angalia njia walizozitumia: mifugo, mkataba ulioandikwa, ubatizo, na mahakama ya kaunti.

Aliyefika mbali kuliko wote ni Anthony Johnson. Anaonekana katika kumbukumbu kama Antonio aliyefika mwaka 1621. Machi 1622 Wapowhatan chini ya Opechancanough walipofanya shambulio lililoua walowezi 347, yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliosalimika katika shamba alilofanyia kazi. Alimwoa Mary, wakapata uhuru kwa namna ambayo kumbukumbu hazielezi, wakahamia Northampton, na mwaka 1651 alipewa ekari 250 kwa kudai nauli za watu watano. Moto ulipowaunguzia mali mwaka 1653, mahakama ya kaunti ilimsamehe Mary na binti zake wawili kodi kwa maisha yao yote. Kisha ikaja kesi ambayo leo inazungushwa sana mitandaoni. John Casor, Mwafrika aliyekuwa kwa Johnson, alidai kwamba muda wa mkataba wake ulikuwa umepita, akahamia kwa jirani Mzungu. Johnson akashtaki, na Machi 1655 mahakama ikamrudishia Casor. Kutokana na hapo watu wanatangaza kwamba mtu wa kwanza kumiliki mtumwa Marekani alikuwa Mwafrika. Si kweli, Mwalimu, na wanafunzi wako wakikuletea hilo waonyeshe tarehe: hukumu ya Punch ni ya 1640, thamani za mali ya Burdett ni za 1643, na wanunuzi wa 1619 walikuwa gavana na mkuu wa biashara wa koloni. Kesi ya Casor inaonyesha jambo jingine lenye uchungu, kwamba Mwafrika huru alikubaliwa mahakamani maadamu anadai kwa lugha ya mali.

Na hata hilo halikudumu. Akina Johnson walihamia Maryland katika miaka ya 1660, na mjukuu wao aliliita shamba lake la ekari 44 Angola. Lakini mwaka 1670, Anthony akiwa amekufa, wazee wa baraza la mahakama huko Virginia waliamua kwamba kwa kuwa alikuwa Mwafrika alikuwa mgeni, na kwa hiyo ardhi aliyoiacha inaweza kuchukuliwa na Taji, yaani serikali ya mfalme.

Katikati ya 1655 na 1670, basi, kuna kitu kilibadilika, na kesi inayokieleza vizuri kuliko zote ni ya Elizabeth Key. Baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa mjumbe wa baraza. Mama yake alikuwa Mwafrika. Mwaka 1636 baba alimkabidhi kwa mlezi kwa mkataba wa miaka tisa. Miaka hiyo ikapita, Elizabeth akapita mikononi mwa bwana mwingine, na bwana huyo alipofariki mwaka 1655 wasimamizi wa mirathi walimhesabu kuwa mtumwa wa marehemu. Yeye alishtaki. Hoja zake, zilizosimamiwa mahakamani na William Grinstead, kijana Mwingereza aliyekuja kumwoa, zilikuwa tatu: kwamba kwa desturi ya sheria ya Kiingereza mtoto hufuata hali ya baba yake, na baba yake alikuwa huru, kwamba yeye ni Mkristo aliyebatizwa, na kwamba muda wa mkataba wake umekwisha. Alishinda katika kaunti, akashindwa katika mahakama ya juu, na mwaka 1656, baada ya baraza kulitazama shauri na kuegemea upande wake, akapata uhuru wake.

Sasa soma sheria mbili zilizofuata ukiwa na hoja zake mkononi. Desemba 1662 baraza lilisema kuna shaka kuhusu watoto ambao Waingereza wamewazaa na wanawake wa Kiafrika, kisha likaamua kwamba watoto wote watakaozaliwa nchini watakuwa huru au watumwa kwa kufuata hali ya mama. Kanuni ya Kiingereza ya kumfuata baba ilipinduliwa kwa sentensi moja. Matokeo yake ni mazito kuliko yanavyoonekana katika maandishi: bwana aliyemlazimisha mwanamke mtumwa, badala ya kudaiwa matunzo ya mtoto, alijiongezea mali, na tumbo la kila mwanamke mtumwa likawa sehemu ya hesabu za shamba. Mkifundisha sheria moja tu ya kipindi hiki, nashauri iwe hii. Ndiyo inayoutenga utumwa wa Virginia na utumishi wa aina nyingine zote, kwa sababu ndiyo inayoufanya urithiwe.

Mlango wa ubatizo ulifuata. Mnamo Agosti 1667 Mwafrika aitwaye Fernando alidai mbele ya mahakama ya Lower Norfolk kwamba yeye ni Mkristo, amewahi kuishi Uingereza, na hapaswi kutumika zaidi ya mtumishi yeyote Mwingereza. Alitoa na karatasi zilizoandikwa kwa Kireno au lugha nyingine ambayo mahakimu hawakuisoma. Shauri lake lilitupwa. Mwezi uliofuata baraza likatangaza kwamba kubatizwa hakubadili hali ya mtu ya utumwa au uhuru, likaongeza kwamba mabwana wakiwa wameondolewa shaka hiyo wataweza kueneza Ukristo kwa bidii zaidi. Mwaka 1669 likaamua kwamba mtumwa akifa kwa adhabu wakati akimkaidi bwana wake, bwana hana hatia ya mauaji, kwa maelezo kwamba haiwezekani mtu akusudie kuiharibu mali yake mwenyewe. Mwaka 1670 likawakataza Waafrika na Wenyeji (watu wa asili wa Amerika) walio huru kununua watumishi Wakristo. Njia ya Anthony Johnson ya kupata ardhi kwa nauli za watu ikafungwa.

Kwa nini wakati huo na si mapema? Hapa hesabu za shamba zinasema zaidi kuliko chuki, ingawa chuki haikukosekana. Katika miaka ya mwanzo mgeni aliyefika Virginia alikuwa na uwezekano mkubwa wa kufa ndani ya miaka michache, kwa hiyo kulipa bei ya juu kwa mtu wa maisha yote hakukuwa na maana wakati mtumishi wa miaka mitano alipatikana kwa bei ndogo. Kadiri watu walivyoanza kuishi zaidi, hesabu iligeuka. Wakati huohuo ujira ulipanda Uingereza na vijana walipungua kutaka kuvuka bahari. Waliotaka walikuwa na makoloni mengine ya kuchagua, kama Carolina na, kuanzia 1681, Pennsylvania. Upande wa pili wa bahari, Kampuni ya Kifalme ya Afrika iliundwa mwaka 1672, na ukiritimba wake ulipoondolewa mwaka 1698, wafanyabiashara wa kila bandari ya Uingereza waliruhusiwa kuingia katika biashara ya watu. Usidhani mabadiliko yalikuwa ya ghafla. Mwaka 1671 gavana William Berkeley aliripoti kwamba koloni lina watu 40,000, na kati yao watumwa Waafrika ni 2,000 ilhali watumishi Wakristo ni 6,000. Sheria ilitangulia idadi: mfumo ulikuwa umekwisha kuandikwa kabla Waafrika hawajawa wengi.

Hapo linaingia swali lako la pili, kuhusu Waingereza maskini. Watumishi waliomaliza muda walizidi kuongezeka, bei ya tumbaku ilishuka, ardhi nzuri ilikuwa imeshikwa na wachache, na vijana wenye bunduki bila shamba wakasukumwa mipakani. Mwaka 1676 hasira yao ilimpata kiongozi, Nathaniel Bacon, mwenye mashamba tajiri aliyetaka kuwapiga Wenyeji wote bila kutofautisha adui na rafiki, akagombana na Berkeley na kugeuza ugomvi kuwa uasi. Tarehe 19 Septemba walichoma Jamestown. Bacon alikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu mwezi Oktoba na uasi ukasambaratika, lakini kati ya kundi la mwisho lililokataa kuweka silaha chini walikuwamo Waafrika 80 na watumishi Waingereza 20, waliosimama pamoja. Tahadhari kidogo: wapo wanaoufanya uasi huu kuwa mapinduzi ya wanyonge wa rangi zote. Haukuwa hivyo. Wenyeji ndio waliouawa kwanza, na baraza la Juni 1676, chini ya shinikizo la Bacon, liliamua kwamba mateka wa Kienyeji wa vita hivyo wawe watumwa wa maisha. Lakini wenye mashamba makubwa waliiona hatari ya watu wa chini kuungana.

Sheria za baadaye zinasomeka kama jibu la hofu hiyo. Mwaka 1680 watumwa walikatazwa kubeba silaha na kutoka shambani bila hati ya ruhusa. Mwaka 1691 ndoa kati ya Mzungu na Mwafrika au Mwenyeji ilipigwa marufuku kwa adhabu ya kufukuzwa nchini, na bwana aliyemwachia huru mtumwa alitakiwa kugharimia kumtoa nje ya koloni katika miezi sita. Kisha mwaka 1705 sheria zote zilikusanywa katika kanuni moja. Kanuni hiyo hiyo iliyowafunga Waafrika iliwapa watumishi Wazungu kiinua mgongo cha lazima: mwanamume akimaliza muda apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki, mwanamke apewe mahindi zaidi na shilingi 40. Bwana alikatazwa kumchapa mtumishi Mkristo Mzungu akiwa uchi bila amri ya hakimu.

Waingereza maskini hawakufanywa watumwa, kwanza, kwa sababu walikuja na mkataba na walikuwa raia wa mfalme waliojua kuutaja mbele ya hakimu. Pili, kwa sababu habari za kuwafunga maisha zingefika kwao na hakuna ambaye angepanda tena meli. Na tatu, baada ya 1676, kwa sababu watawala walihitaji wawe walinzi wa mfumo na si washirika wa watumwa. Mwafrika aliyeletwa kwa nguvu hakuwa na ndugu wa kumwandikia barua Uingereza, na kukataa kwake kuja hakukumzuia mnunuzi.

Usiifanye Virginia kuwa kipimo cha makoloni yote. Barbados iliamua mwaka 1636 kwamba Waafrika na Wenyeji wanaoletwa kuuzwa watatumika maisha isipokuwa wana mkataba, na kanuni yake ya 1661 ilivuka bahari pamoja na walowezi waliokwenda Carolina. Massachusetts, ambayo watu hupenda kuihusisha na uhuru wa dini tu, iliuhalalisha utumwa wa mateka wa vita na wa watu walionunuliwa mapema kabisa, mwaka 1641. Maryland ilitamka utumwa wa maisha mwaka 1664. Georgia ndiyo iliyokwenda kinyume: wadhamini wake waliupiga marufuku mwaka 1735, zaidi kwa kuogopa kwamba watumwa wangetorokea kwa Wahispania wa Florida, na katazo hilo likaondolewa 1751.

Kwa kipindi cha darasani, hukumu ya John Punch na sheria ya 1662 zinatosha, maana zote mbili ni fupi na zinaweza kuandikwa ubaoni kwa Kiswahili chepesi. Wanafunzi wakishazielewa, wape shauri la Elizabeth Key na hoja zake tatu, kisha waulize angehukumiwaje kama angezaliwa baada ya 1662, na akafungua kesi ileile.